Simu Inayoingia Kwenye Soksi

Kuna nchi moja, na si yetu, asije mtu akagonga mlango wangu kuuliza, ambako watu hupimwa kwa upana wa simu zao. Nchi yenyewe nzuri tu. Ina milima, ina wimbo wa taifa, na ina mawaziri wengi kuliko mabomba ya maji. Haya ninayoyaeleza yalitokea huko, mbali kabisa, na wewe ukisoma ukaona kama unayafahamu, basi ni macho yako.

Zamani simu janja za huko zilikuwa kama simu nyingine: unaishika kwa mkono mmoja, kwa mwingine unakoroga uji. Kisha Rais wao, ambaye cheo chake kamili ni Mtukufu Baba Mpana wa Taifa, akaenda mkutanoni ng'ambo na kukalishwa karibu na rais mwenzake mwenye simu iliyoizidi ya kwake kwa upana wa kidole. Inasemekana chakula hakikumpita kooni. Alirudi nyumbani, akashuka kwenye ndege bila kupunga mkono, akatangaza kwamba taifa limedhalilishwa na halitadhalilishwa tena.

Basi simu zikaanza kupanuka. Zikawa za viganja viwili, zikawa kama kibao cha chapati, zikafika ukubwa wa sinia la pilau, na hapo sinia likafanywa kipimo cha serikali. Mwananchi wa kawaida, na mtoto wa shule pia, sinia moja. Shule yenyewe, masinia matatu. Mkuu wa wilaya masinia kumi, inabebwa na mgambo wawili, na wa tatu anabeba chaji. Ya Rais ilitandazwa kwenye uwanja wa mpira, na akitaka kumpigia mtu, kikosi cha askari huvua viatu na kukimbia juu ya kioo kutoka tarakimu hadi tarakimu. Wakikosea namba moja wanarudi mwanzo, na aliyekosea haonekani tena kikosini.

Salamu nazo zikabadilika. Huko kwao, kama kwetu, mdogo ndiye aliyekuwa akimwamkia mkubwa. Sasa mwenye simu nyembamba humwamkia mwenye simu pana. Utamkuta babu wa watu, ndevu nyeupe, anamwambia kijana wa ushuru shikamoo, na kijana anaitikia marahaba bila kumtazama. Angemtazama vipi? Simu imemziba uso.

Watu waligongana. Walitumbukia mitaroni. Wengine waliingia chini ya malori huku wamekumbatia vioo vyao. Serikali ikaunda tume, tume ikazunguka nchi nzima ikila nyama choma, ikarudi na jibu kwamba mitaro na malori ndivyo vyenye makosa.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mama aitwaye Havijawa, mfuaji nguo wa majumba ya watu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu, wa darasa la tano, na Tunu alikuwa na pumu. Pumu yake haikuwa ile ya kubisha hodi. Mtoto anacheka, anarusha mpira, ghafla kifua kinafunga kama mlango uliosukumwa na upepo, na kinachobaki kutoka ni mluzi mwembamba. Dawa ya kuvuta ilikuwa imeadimika madukani, kwa sababu meli zote zilikuwa zinaleta vioo.

Mara ya kwanza kifua kilipofunga akiwa shuleni, Tunu alikuwa uwanjani, simu yake ya sinia amejitwika kichwani kama mtu anayetoka kuokota kuni, maana hakuna namna nyingine ya mtoto kubeba kitu kile. Alianguka, na simu ikamwangukia juu. Wenzake walipita wakiona miguu inachungulia chini ya kioo, wakadhani anacheza kujificha. Mpishi wa uji ndiye aliyeona vile vidole vya miguu vinavyojikunja, akaja akaibirua ile simu kama anavyobirua sufuria.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Polikapi, hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumpigia mama wa mtoto mara moja. Lakini simu ya shule hairuhusiwi kuguswa kabla wanafunzi hawajapanga mstari na kuimba Wimbo wa Upana, beti zote, na wimbo ule una beti nyingi kwa sababu kila waziri mpya huongeza wa kwake. Watoto waliimba. Tunu alilala kwenye mapaja ya mpishi wa uji, midomo imekuwa rangi ya zambarau, akiwasikiliza wenzake wakisifu upana. Havijawa alipopata habari, mtoto alikuwa ameshazinduka kwa kudra tu, si kwa msaada wa mtu yeyote wa serikali.

Jioni ile mama alikaa kitandani akamwangalia binti yake anavyolala. Akakata shauri. Alihitaji simu ndogo. Simu ya kuingia kwenye soksi ya shule, ambayo mtoto aliyeanguka chini, asiye na pumzi ya kusema, anaweza kuibonyeza kwa dole gumba. Hakutaka kingine chochote duniani.

*

Alianzia dukani kwa Mzee Hemedi, aliyekuwa akiuza simu tangu enzi za mkono mmoja. Duka lake sasa halikuwa na ukuta wa mbele. Uliondolewa ili mzigo uingie. Havijawa alimweleza shida yake. Mzee Hemedi alitazama kulia, akatazama kushoto, akamwita karibu kana kwamba mama wa watu ameomba bangi.

"Mama Tunu," alisema polepole, "mimi nina wajukuu. Nani amekutuma?"

Havijawa akasema ametumwa na kifua cha mwanawe. Mzee akaguna. Kisha, kwa sauti kubwa ya kusikika na jirani, akaanza kumwonyesha simu mpya yenye magurudumu, nyingine yenye mwavuli wake, na nyingine ambayo mwenyewe akichoka anaweza kuikunja miguu ikawa meza ya chakula. Alisifia weee mpaka jirani aliyekuwa ametega sikio akaondoka. Hapo ndipo aliponong'ona kwamba simu ndogo hazijaisha nchini, asidanganyike, ila zilikusanywa na wakubwa ziende kuteketezwa, na moshi wake yeye hakuwahi kuuona.

Havijawa hakulielewa neno lile siku ile. Akaenda Wizara ya Upana.

Huko alimkuta Ofisa Mpimaji Mwandamizi, bwana mmoja aitwaye Sospeta, mwenye futi ya chuma shingoni kama wenzake wanavyovaa tai. Sospeta alimwelewa upesi sana na kumwambia kuwa kibali cha kumiliki simu ndogo kipo, kipo kabisa kisheria, serikali si katili. Kinatolewa na Kamati ya Udogo. Kamati haijawahi kukaa, kwa sababu kikao chake hakiwezi kufunguliwa bila simu ya kamati kuwamo chumbani, na simu ya kamati ilinunuliwa pana kuliko mlango wa chumba. Mpango wa kubomoa ukuta umeshapitishwa. Kinachosubiriwa ni kamati ikae iuidhinishe.

Mama akasema mtoto hawezi kusubiri ukuta. Hapo Sospeta akasimama, akafunga kifungo cha koti, akawa anaongea naye kama anaongea na mkutano wa hadhara. Akasema wapo maadui wanaotaka kulirudisha taifa mfukoni. Akasema nyanya zetu waliteseka na simu zisizozidi kiganja ili sisi leo tutembee kifua mbele nyuma ya kioo.

"Mama," alimalizia, "taifa halipumui kwa mapafu. Taifa linapumua kwa upana."

"Mwanangu anapumua kwa mapafu," Havijawa akajibu.

"Hilo," alisema Sospeta akiketi, "ni suala la Wizara ya Afya."

Wizara ya Afya ilikuwa ghorofa ya chini, na ilikuwa imefungwa. Watumishi wake wote walikuwa wameazimwa kwenda kubeba simu ya Waziri wa Upana kwenye ziara.

*

Huyo Waziri wa Upana, Mheshimiwa Dakta Tandaza, ndiye aliyekuwa akifuliwa nguo na Havijawa kila wiki. Nchi ile ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya nguo, maana mfuko wa nini, nani ana simu ya kuweka mfukoni? Mafundi cherehani walikuwa wakikaguliwa. Shati lenye mfuko lilikuwa shati la mhaini.

Sasa Havijawa alikuwa amelowesha koti la Mheshimiwa kwenye beseni. Mkono ukapita ndani ya bitana, chini ya kwapa, ukagusa kitu kigumu. Alidhani ni kipande cha sabuni kimejificha. Kitu kikatetemeka mkononi mwake. Alipokivuta nje, kilikuwa simu. Ndogo, nyeusi, nyepesi, imelala kwenye kiganja kama yai, na juu yake limeandikwa jina la hospitali ya ng'ambo inayompigia Mheshimiwa kuhusu figo zake.

Mama Tandaza, mke wa Waziri, alitoka jikoni akamkuta ameganda pale na povu mpaka kwenye viwiko. Hakushtuka hata kidogo. Alichukua simu, akaifuta kwa kitenge, akazungumza na daktari kwa dakika kadhaa, akaagiza na viatu.

"Unashangaa nini, Havijawa?" alimwuliza alipomaliza. "Ulidhani mtu mwenye akili anaongea na ng'ambo kwa lile limeza?"

Akasema lile la nje ni la wananchi kuliona. Akasema wakubwa wote wanazo, kila mmoja na mfuko wake kwapani, na kwenye baraza la mawaziri siku ya kikao utasikia makwapa yananguruma kama mzinga wa nyuki. Alisema haya akicheka, kama mtu anayesimulia utundu wa watoto wake. Havijawa hakucheka. Alimwambia Mama Tandaza habari za uwanjani, za miguu inayochungulia chini ya kioo, za beti zote za wimbo. Mama Tandaza naye alikuwa mama. Aliingia chumbani, akavuta droo. Droo ilijaa simu ndogo zilizokusanywa kwa wananchi ziteketezwe, zimelundikana kama dagaa.

"Chukua mbili," alisema. "Moja ya mtoto, moja yako. Na mdomo wako uufunge, maana ukifunguka, mimi sikujui."

Tunu aliipokea ya kwake akaigeuzageuza. "Mama, hii imezaliwa lini?" aliuliza. "Mbona haijakua?" Kisha akaitumbukiza kwenye soksi, akaruka mguu mmoja, akaruka mwingine, haikuanguka. Mama akamfundisha: ukibanwa, bonyeza hapa, tu. Usijaribu kusema. Mimi nikisikia pumzi yako nitajua.

*

Mluzi ulikuja asubuhi moja Havijawa akiwa kwa Waziri, anakamua shuka. Simu ilitetemeka kifuani mwake ndani ya kanga. Akaiweka sikioni. Hakuna aliyesema. Kulikuwa na ile sauti tu, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Aliliacha shuka chini. Alikimbia pekupeku, povu mikononi, na njiani akapiga namba ya gari la wagonjwa. Ilipokelewa haraka. Binti aliyepokea alijitaja kama walivyofundishwa: naitwa Sikudhani, nikusaidie nini. Havijawa akamwambia mtoto hapumui, yupo shuleni kwa Mwalimu Polikapi, shule ya karibu na kisima, gari lije sasa hivi.

Binti akatazama kioo chake. Kisha akauliza mama anapiga kwa simu ya masinia mangapi.

"Ndogo," Havijawa alisema. "Ya mkononi. Njooni."

"Mama, nakusikia. Nakusikia vizuri kabisa. Lakini kwenye kioo chetu hupo."

"Nipo. Naongea na wewe."

"Simu isiyofika sinia moja mtambo hauioni. Na gari haliwezi kutumwa kwa mtu ambaye hayupo." Sauti ya binti ilikuwa inayumba. "Tafuta simu pana upige tena, mama yangu. Fanya haraka."

Gari lenyewe lilikuwapo siku ile. Lilikuwa limeegeshwa kivulini, lina mafuta, na dereva alikuwa anakula mihogo.

Havijawa alifika shuleni akamkuta Tunu ameegemezwa ukutani, macho yamemtoka, mkono umebana soksi. Mwalimu Polikapi alikuwa anawapanga watoto mstari. Mama wa watu hakupiga kelele. Alimsogelea mwalimu akamwonyesha mikono yake.

"Mwalimu, ukifungua mdomo kuimba, povu hili lote nalijaza humo."

Mwalimu Polikapi akafunga mdomo. Alitazama mtoto, akatazama simu ya shule iliyokuwa juu ya jukwaa lake imefunikwa kitambaa cha bendera, na mtu yule mwoga, aliyeishi maisha yake yote akisubiri kuruhusiwa, akaking'oa kitambaa. Hakukuwa na machela. Hakukuwa na mkokoteni. Waliilaza ile simu chini, wakamlaza Tunu juu ya kioo, na mwalimu, mpishi wa uji na wanafunzi wakubwa wa darasa la saba wakaibeba kama jeneza, huku mama akikimbia ubavuni ameshika mguu wa mtoto. Njiani kioo kikawaka. Likatoka tangazo la Wizara, kwa sauti ya kike yenye furaha, chini ya mgongo wa mtoto anayekata roho: ndugu mwananchi, je, leo umefurahia upana wako? Halikuzimika. Walikwenda nalo hivyohivyo mpaka zahanati.

Na zahanati, sikiliza haya. Foleni ilitoka nje ya lango. Nesi alikuwa amechoka, hamtazami mtu. Lakini aliona simu ya masinia matatu inaingia mlangoni, akasimama wima akasema shikamoo. Foleni nzima ikasimama, ikasema shikamoo, ikapisha. Nesi alipoinua macho kumtafuta huyo mkubwa, akakuta ni mtoto. Lakini alikuwa ameshaamkia, na mtu aliyeamkiwa hawezi kurudishwa nyuma ya foleni. Wakamwekea hewa.

Tunu akaishi. Sauti yake ilirudi nyembamba, ya kukatikakatika, na ngazi zikawa zinamshinda. Lakini aliishi, na kama nchi ile ingekuwa nchi ya watu wazima, hadithi ingeishia hapa kwa dua.

*

Kesho yake Mheshimiwa Dakta Tandaza aliingia wodini na wapiga picha. Alisimama kando ya kitanda, akageukia kamera, akauliza kwa uchungu mkubwa, "Simu ndogo ingembeba mtoto huyu? Nauliza, ndugu zangu. Ingembeba?"

Wapiga picha walipiga makofi, na kazi yao haikuwa hiyo. Waziri akatangaza papo hapo kwamba serikali imejifunza. Kuanzia sasa kila simu itengenezwe kwa kimo cha mtu mzima aliyelala. Magari ya wagonjwa, kwa kuwa yamepitwa na wakati, yatauzwa. Koti lake lilinguruma kwapani wakati anasema. Akakohoa kulifunika.

Ofisa Sospeta naye alikuja na futi yake, akapekua soksi, akapekua kanga, akaziondoa zile simu mbili kwa koleo kana kwamba zinauma. Akamweleza Havijawa kuwa kosa la udogo lina kifungo, na mtoto wa mfungwa hana wa kumkalia wodini. Hata hivyo wakubwa wamemhurumia. Jumamosi kuna sherehe. Mama atoe shukrani mbele ya taifa, na kosa lake litafutwa.

Havijawa alimtazama mtoto, akakubali. Wewe ungefanyaje?

Uwanja ulijaa. Jukwaa kuu lilikuwa na wakubwa wote, kila mmoja amelaziwa simu yake mapajani, pana kama kitanda, hivi kwamba vilivyoonekana ni vichwa tu vimepangwa juu ya vioo kama matikiti ya kuuza. Chini walikaa watumishi wa ngazi za chini, wafanyakazi wa namba ya dharura wakiwamo, waliovishwa fulana za sherehe. Bendi ilipiga. Mtangazaji akasoma kwenye ratiba: Shukrani, kutoka kwa Mama Tunu.

Alikuwa amefikiria kusema habari za ile droo. Lakini aliwatazama walioketi jukwaani, akawatazama walioketi uwanjani, akaona hakuna asiyejua. Kumtangazia mtu anachokijua ni kupoteza pumzi, na nyumbani kwake pumzi ilikuwa kitu cha kuwekwa akiba. Akashika kipaza sauti.

"Mwanangu alinipigia," alisema. "Hakuweza kusema neno, na nilimsikia. Na mimi nikapiga. Nilisema kila kitu. Aliyenisikia akaniacha, naomba asimame nimwone."

Jukwaani hakusimama mtu. Wengine labda walitaka, Mungu anajua mioyo, lakini mtu mwenye simu ya namna ile mapajani hasimami bila mgambo wa kumwinulia, na mgambo hawakuwa wameamriwa. Walikaa tu, videvu juu ya vioo, wakipepesa macho. Mheshimiwa Tandaza alimgeukia mkewe. Mama Tandaza alikuwa anaangalia kucha zake.

Kisha kwenye viti vya chini akasimama binti mwembamba mwenye fulana kubwa kuliko yeye. Alikuwa analia hata hajifuti.

"Ni mimi, mama," alisema Sikudhani. "Nilikusikia. Gari lilikuwapo."

Huyo ndiye waliyemkamata.

Walimtoa uwanjani kwa mlango wa nyuma, na kosa lililosomwa ni kusimama nje ya ratiba. Havijawa aliwafuata akipiga kelele kwamba yeye alitaka wote wasimame, si huyu mmoja, si huyu kabla ya wale, lakini bendi ilikuwa imeshaamriwa kupiga na sauti yake haikufika. Yeye hawakumgusa. Kwenye ratiba alikuwa ameandikwa Shukrani, kwa hiyo alichosema kilihesabiwa ni shukrani, na jioni redio ilieleza kwamba mama huyo aliongea maneno ya kugusa moyo mpaka mtumishi mmoja akashindwa kujizuia.

Simu zake hazikurudishwa. Mtoto akapewa zawadi ya serikali, simu ya kimo kipya, haipiti mlangoni kwao. Imelazwa nje, kuku wanapanda juu yake.

Ninayaandika haya kwa sababu nina mtoto, na wewe unaye. Usiseme si kwetu. Usisubiri mpaka watu wakuambie wanakusikia vizuri ila hupo. Siku wanaanza kukipanua kitu ambacho mwanao anakihitaji kiwe kidogo, siku hiyohiyo uliza, tena uliza kwa sauti, kabla hawajakutungia wimbo wa kuimba kwanza.

Havijawa aliacha kufua majumbani. Sasa anachukua nguo za watu anakwenda nazo shuleni, anakaa nje ya darasa la Tunu, chini ya dirisha, mgongo umegusa ukuta. Anafua taratibu, hasugui kwa nguvu, hamwagi maji kwa kishindo. Akina mama wengine wawili watatu wenye watoto wagonjwa wameanza kukaa naye, na Mwalimu Polikapi hupita akijifanya hawaoni. Hawaongei. Kila mmoja ana ukuta wake na pumzi anayoijua.

Ukipita pale usimwamkie. Si kwamba ana kiburi. Anasikiliza.